Ufunguo Uko kwa Nani? Uongozi wa Shule Wakati wa Dharura

Mwanachuo anayejitayarisha kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hukesha akiandika maandalio ya masomo. Huandika madhumuni, zana, hatua za somo na maswali ya kupima. Mkufunzi anapomtembelea darasani humpima kwa mambo hayo, na ni haki ampime hivyo. Lakini liko swali moja ambalo fomu zetu za upimaji haziliulizi. Ikiwa katikati ya kipindi cha Hisabati mtoto mmoja ataanguka na kuzirai, na Mwalimu Mkuu ameitwa mkutanoni mjini, nani atamshughulikia mtoto huyo, na nani atabaki na wenzake 70?

Mwalimu asiyekuwa na jibu la swali hilo hajamaliza kuandaa somo lake, hata kama andalio lake limepigwa mistari kwa rula. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba uongozi wa shule wakati wa dharura ni sehemu ya mbinu za kufundisha, wala si kazi ya ofisi peke yake. Aidha, shule haishindwi siku ile dharura inapotokea. Huwa imekwisha kushindwa zamani, katika siku za amani, ilipokuwa haijaamua nani afanye nini. Dawa ya kwanza basi si fedha wala vifaa, bali ni mgawanyo wa madaraka uliofanywa mapema na kujulikana na wote.

Dharura ni nini?

Si kila tatizo ni dharura. Upungufu wa madawati ni tatizo kubwa, lakini linaweza kungoja kikao cha Kamati ya Shule. Dharura ina alama tatu. Kwanza, huja ghafula, ama kwa kuwa haikutazamiwa, ama kwa kuwa dalili zake zilionekana zikapuuzwa. Pili, huhatarisha maisha ya watu au uhai wa shule yenyewe. Tatu, hudai uamuzi kabla habari zote hazijapatikana.

Alama hii ya tatu ndiyo inayomlemea mwalimu. Tumezoezwa kungoja: kungoja waraka, kungoja ruhusa, kungoja mkubwa arudi. Mazoea hayo yana faida katika kazi za kila siku, kwa sababu huzuia kila mtu kujifanyia apendavyo. Lakini moto haungoji waraka, wala mtoto anayetokwa damu hangoji kikao.

Funzo la Kashasha

Nchi yetu inao mfano mmoja wa dharura ya shule ambao umejulikana duniani kote, ingawa wanachuo wengi hawajausikia. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya misheni katika kijiji cha Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo ikaenea kwa wenzao. Kufikia tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, walieleza kwamba vipimo havikuonyesha sumu wala ugonjwa wa kuambukizwa. Waliona kuwa ni hali ya nafsi iliyopita kutoka mtu hadi mtu katika kundi.

Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Hali ikarudi, na wasichana wengine 57 wakapatwa. Mwishoni mwa Juni ikafungwa mara ya pili. Wakati huohuo, siku chache baada ya kufungwa kwa mara ya kwanza, hali ileile ilitokea Nshamba, kijiji ambako baadhi ya wasichana walikuwa na makwao, na huko watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Mwezi Juni ikaonekana katika shule ya wasichana ya Ramashenye, ambako 48 kati ya wanafunzi 154 walipatwa.

Wengi huusimulia mkasa huu kama kichekesho. Kwa mwalimu si kichekesho hata kidogo, kwani una mafunzo matatu. Funzo la kwanza ni kwamba kufunga shule si mwisho wa dharura. Huenda ikawa ni uamuzi wa lazima, lakini mtoto anapofika kwao hubeba pamoja naye hofu aliyoondoka nayo shuleni. Shule haina ukuta wa kuizuia habari.

Funzo la pili ni kwamba kufungua mlango si sawa na kurudisha utulivu. Kabla ya kuwarudisha watoto darasani, yafaa kuuliza: je, kuna lolote lililobadilika tangu walipoondoka? Ikiwa hakuna, tunafungua tena kitabu kilekile katika ukurasa uleule.

Funzo la tatu, nalo ni kubwa zaidi, linahusu maneno. Mahali ambapo sababu haijulikani, uvumi huchukua nafasi ya maelezo. Hata leo, mara kwa mara tunasikia kwamba wanafunzi wa shule fulani wameanguka kwa makundi, na wakazi wanasema ni mapepo, au jirani fulani anashukiwa uchawi. Mwalimu anayekaa kimya wakati huo hajawa mwenye hekima. Amewaachia wengine darasa lake walifundishe. Mwalimu anayetoa maelezo ya uongo ili awatulize watu, naye atapoteza imani yao ukweli utakapojulikana. Njia iliyo salama ni kusema mambo matatu kwa utaratibu: tunachokijua, tusichokijua bado, na tunachokifanya sasa. Maneno hayo yasemwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, kwa lugha moja, mbele ya watoto na mbele ya wazazi.

Mlango uliofungwa

Dharura nyingine huja kwa haraka zaidi kuliko ile ya Kashasha. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya. Moto uliwashwa kwa makusudi. Lakini waliochunguza mkasa huo walikuta jambo jingine: mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Hapa kwetu, usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, watoto 10 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera. Hao walikuwa watoto wa shule ya msingi, wa umri uleule wa watoto mtakaowafundisha ninyi.

Sikusudii kuwahukumu walimu wa shule zilizopatwa na misiba, kwani hilo si kazi ya jarida hili. Nakusudia kuonyesha kitu kimoja kidogo: kufuli. Kufuli katika mlango wa bweni huwekwa kwa nia njema, ili watoto wasitoroke usiku na wezi wasiingie. Nondo za dirisha nazo huwekwa kwa nia njema. Kwa siku 364 za mwaka vitu hivyo huitwa ulinzi. Katika siku moja hugeuka kuwa mtego, na hakuna wakati wa kubadili jina. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila utaratibu wa shule si hili tu: "Unatulinda na nini?" Tuulize pia: "Utatuzuia kufanya nini siku ya hatari?"

Shule nyingi za msingi hazina mabweni, lakini zote zina makufuli. Kuna kufuli la ofisi, ambamo kisanduku cha huduma ya kwanza kimo kabatini. Kuna kufuli la lango, na kufuli la stoo yenye ndoo na majembe. Nimeingia katika shule zaidi ya moja nikauliza ufunguo wa kisanduku cha dawa uko wapi, nikajibiwa kwamba Mwalimu Mkuu amekwenda nao. Nimeona pia ndoo nyekundu za mchanga zilizogeuzwa kuwa za kutupia karatasi. Shule hizo hazikukosa vifaa. Zilikosa kuamua nani awe na mamlaka juu ya vifaa hivyo mkubwa asipokuwapo.

Ruhusa iliyotangulia

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Kila shule yapaswa kuwa na kitu nitakachokiita ruhusa iliyotangulia. Maana yake ni orodha fupi ya mambo ambayo mwalimu yeyote, hata aliyeajiriwa jana, anaweza kuyafanya bila kumwuliza mtu, endapo hatari imetokea. Kwa mfano: anaweza kupiga kengele ya hatari. Anaweza kuwatoa watoto darasani. Anaweza kufungua au kuvunja kufuli lolote linalozuia njia. Anaweza kumpeleka mtoto zahanati au hospitali. Anaweza kupiga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, au ya polisi, namba 112. Akikosea kwa nia njema katika mambo hayo, haadhibiwi.

Wako watakaosema kwamba jambo hili litavunja nidhamu ya kazi, na kwamba mamlaka ya shule ni ya Mwalimu Mkuu. Naafiki kwamba mamlaka ni yake. Lakini ruhusa iliyotangulia hutolewa na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, katika kikao cha walimu, akiwa na akili iliyotulia. Mwalimu Mkuu anayefanya hivyo hapotezi madaraka. Anayafanya yafike mahali ambapo yeye hawezi kufika kwa wakati. Asiyetaka kuyagawa siku ya amani atayaona yakigawanyika yenyewe siku ya hatari, na yatakwenda kwa mwenye sauti kubwa zaidi.

Wengine watasema kwamba mpaka sasa hatujapatwa na lolote, basi utaratibu wetu unatosha. Tuwakumbushe tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016. Watu 17 walikufa na majengo mengi yakabomoka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Siku ile ilikuwa Jumamosi alasiri, na vyumba vingi vya madarasa havikuwa na watoto. Tumshukuru Mungu kwa hilo, lakini tusiihesabu kalenda kuwa ni mpango wa shule.

Shule na waliyo nje yake

Mkoa wetu wa Ruvuma nao una funzo lake, ingawa si la moto wala tetemeko. Katika miaka ya 1960 kijiji cha Litowa kilikuwa kitovu cha jumuiya ya maendeleo iliyounganisha vijiji kadhaa vya mkoa huu. Shule ya kijiji hicho ilijulikana kwa jinsi walimu na wanafunzi walivyogawana kazi na kujadiliana mambo yao, hata kabla ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja jumuiya hiyo. Sababu zake zingali zinajadiliwa, nami sitaziamua hapa. Ninachokiona ni kwamba asasi iliyopangwa vizuri ndani yake bado yaweza kutikiswa na jambo linalotoka nje, na kwamba wakati huo maelewano yake na walio juu na walio kando yake ndiyo yanayopimwa.

Kwa hiyo mpango wa dharura usiishie langoni mwa shule. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu ngazi ya taifa hadi mitaa na vijiji. Mwanachuo anayekwenda mazoezini katika shule ya hapa Mjimwema, au popote pengine katika Manispaa ya Songea na vijiji vyake, ajue nani ni mwenyekiti wa mtaa ule, zahanati iliyo karibu iko wapi, na nani katika majirani ana gari au pikipiki. Mambo hayo hayajifunzwi siku mvua ya masika inapong'oa paa la darasa. Mwezi Machi 2020, shule zote za nchi zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madarasa mengi yasifunguliwe hadi tarehe 29 Juni, mwalimu aliyekuwa na orodha ya wanafunzi wake na jinsi ya kuwapata wazazi wao alikuwa na njia ya kuwafikia. Aliyekuwa na majina tu hakuwa na kitu.

Jinsi ya kufundisha jambo hili

Nimesema kwamba hii ni sehemu ya mbinu za kufundisha. Sasa yanipasa nionyeshe vipi. Walimu hulalamika kwamba ratiba imejaa, nao hawasemi uongo. Lakini maandalizi ya dharura hayahitaji somo jipya. Yanaweza kuingia katika masomo tuliyonayo, tena yakayapa uhai.

Katika Hisabati, watoto wapime kwa saa muda unaotumika kulitoa darasa lao hadi uwanjani, waandike dakika na sekunde, kisha walinganishe majaribio matatu. Katika Kiswahili, wajizoeze kutoa taarifa fupi: nini kimetokea, wapi, nani ameumia, msaada gani unatakiwa. Mtoto anayeweza kusema hayo kwa sentensi nne amejifunza ufasaha ulio na faida. Katika Sayansi, wajifunze kwa nini moshi hupanda juu, na kwa hiyo kwa nini mtu hutambaa akitoka katika chumba chenye moshi. Wajifunze pia kwa nini mtu hasimami chini ya mti wakati wa radi. Katika kuchora, wachore ramani ya shule yao na kuonyesha njia mbili za kutokea katika kila chumba. Chumba kisichokuwa na njia mbili kitajulikana siku hiyohiyo, na watakaokigundua ni watoto wenyewe.

Kwa upande wa walimu, kazi zigawanywe katika mafungu matano: mwenye kengele, mwenye hesabu ya watoto, mwenye kuwahudumia walioumia, mwenye lango, na mwenye kutoa habari. Kila kazi iwe na mtu na msaidizi wake. Shule yenye walimu wachache, na hizo ndizo nyingi, impe mwalimu mmoja kazi mbili zisizogongana. Mwenye hesabu asiwe ndiye mwenye kuhudumia majeruhi, kwa maana hawezi kuhesabu huku ameinama. Mwenye hesabu abebe kitabu cha mahudhurio anapotoka, kwani bila kitabu hicho hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba wote wametoka. Mwalimu anayeacha kuita majina asubuhi kwa kuona ni kazi ya kuchosha ajue thamani ya kitabu hicho hapo.

Zoezi lifanywe angalau mara moja kila muhula, na baada yake walimu wakae wazungumze. Swali la kwanza katika kikao hicho lisiwe "Nani amekosea?" bali "Utaratibu wetu umekwama wapi?" Palipo na woga wa kulaumiwa, watu huficha makosa madogo, nayo makosa madogo yaliyofichwa ndiyo yanayorudi yakiwa makubwa. Yaliyoonekana yaandikwe katika kitabu cha matukio ya shule, ili mwalimu atakayehamia mwaka ujao ayasome.

Je, tutawatia watoto hofu?

Pingamizi la mwisho ni la wale wanaosema kwamba kuyataja majanga mbele ya watoto ni kuwatia hofu, au hata kuyaita. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu hutoka katika huruma. Lakini uzoefu wa darasani huonyesha kinyume chake. Mtoto huogopa zaidi kitu asichojua la kufanya mbele yake. Mtoto aliyekwisha kutembea mara tatu kutoka darasani hadi chini ya mlingoti wa bendera, akiwa ameshikana mkono na mwenzake, hana haja ya kutafakari siku ya hatari. Miguu yake inaijua njia. Zoezi lifanywe kwa utulivu, bila vitisho wala hadithi za kutisha, na mwalimu awe wa kwanza kuonyesha utulivu huo. Uso wa mwalimu ni kitabu ambacho watoto hukisoma kabla ya kitabu chochote.

Ndugu wanachuo, wengi wenu mtapangiwa shule za mbali, na huenda katika mwezi wenu wa kwanza mkajikuta ndio walimu pekee mliobaki shuleni siku hiyo. Hakuna atakayeuliza wakati huo kama mlipata alama za juu katika Mbinu za Kufundishia. Kwa hiyo nawaomba jambo moja, nalo halihitaji fedha wala kibali cha Wizara. Siku ya kwanza mtakaporipoti, baada ya kumsalimu Mwalimu Mkuu na kuoneshwa darasa lenu, mwombeni kwa heshima awaeleze mambo manne: kengele ya hatari hupigwaje, watoto hukusanyika wapi, ufunguo wa kisanduku cha dawa uko kwa nani, na mwalimu mgeni ameruhusiwa kufanya nini bila kumngoja. Akiwa na majibu, mmepata shule iliyopangwa. Asipokuwa nayo, mmeipatia shule hiyo ajenda ya kikao chake kijacho, na hiyo ni huduma ya kwanza mtakayokuwa mmeitoa kwa watoto wake.